Mabaki ya mbuta yaweza kuwafaa wafugaji wa samaki Kericho, Bomet

WAFUGAJI wa samaki katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet wanaweza kupunguza gharama ya chakula kwa kutumia mabaki ya samaki kutoka viwanda vya ukanda wa Ziwa Victoria.

Kwa kawaida, chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji, na kiungo ghali zaidi ni protini. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi, ulioanza mwaka 2009, ulichimba maelfu ya vidimbwi nchini. Msaada ulipokoma, vingi viliachwa, wenyewe wakilemewa na bei ya chakula.

Tilapia huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 25 hadi 35. Kwa miaka mingi protini hiyo imetokana na omena, ambao pia ni kitoweo cha familia nyingi.

Viwandani, mbuta anapotolewa minofu, takriban nusu ya uzito wake husalia. Mifupa, maarufu kama mgongo wazi, hukaangwa na kuliwa, nayo mabondo huuzwa ng'ambo. Matumbo na masalio mengine ndiyo yanayofaa kulisha samaki.

Njia ya kwanza ni kuyachemsha, kuyakamua, kuyakausha na kuyasaga yawe unga. Ya pili haihitaji moto: mabaki husagwa mabichi na kuchanganywa na asidi ya fomiki, takriban kilo 3.5 kwa kila kilo 100. Vimeng'enya vya matumbo huyageuza kuwa uji usiooza upesi, ambao huchanganywa na pumba na kukaushwa. Asidi hiyo huunguza ngozi, hivyo glavu na miwani ya kukinga macho ni lazima.

Hata hivyo, masalio yenye mifupa mingi huwa na madini mengi na protini kidogo, hivyo yafaa kuongezewa soya au mashudu ya alizeti. Mabaki mabichi yasitupwe kidimbwini kwani huchafua maji na kueneza maradhi. Aidha, tilapia wasilishwe mabaki ya tilapia wenzao.

Baridi ya nyanda hizo pia izingatiwe. Tilapia hukua vyema katika maji ya nyuzijoto 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, hula kidogo. Mfugaji asipopunguza kipimo, chakula alichokitayarisha kwa gharama nafuu kitaozea majini, na faida kupotea.