Kulea na Kuasili Mtoto

Huenda wewe unalea mtoto usiyemzaa. Katika vijiji vyetu vya kando ya Ziwa, baba akizama ziwani au mama akifariki, mtoto huchukuliwa na bibi, shangazi au mjomba. Hakuna anayeandikiana karatasi. Mtoto hubaki wa ukoo wake. Huko ni kulea.

Kuasili ni jambo jingine. Anayeasili huwa mzazi wa mtoto kisheria. Haki na wajibu wa wazazi wa kwanza huisha. Hata mtoto akipelekwa Ulaya au Marekani, huwezi kumdai arudi.

Sikiliza yaliyotokea kwa jirani zetu wa Uganda. Watu walikwenda vijijini wakawaambia wazazi kwamba watoto wao watapelekwa kusomeshwa. Wazazi wakakubali. Kumbe watoto waliasiliwa na Wamarekani, ambao nao walidanganywa kwamba ni yatima. Mwezi Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo watu wanne wa Uganda kwa ajili ya mpango huo. Wawili kati yao walikuwa majaji! Mzazi alidhani ametoa ruhusa ya shule, kumbe ametoa mtoto.

Hapa Tanzania tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo iliipa Mahakama Kuu kazi ya kutoa amri ya kuasili. Mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Kitanzania lazima awe amekaa nchini miaka 3 mfululizo. Lazima awe amemlea mtoto huyo miezi 3 au zaidi, chini ya uangalizi wa Afisa Ustawi wa Jamii. Lazima nchi yake ithibitishe kwamba anafaa. Basi mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Mwanza juzi hawezi kuondoka na mtoto kesho kwa njia ya halali. Na kumlipa mlezi pesa ili atoe mtoto hakuruhusiwi.

Sisemi kila anayeasili ni mbaya. Wako watoto wasio na ndugu hata mmoja, na kwao kuasiliwa ni kupata nyumba. Lakini mjukuu wako anaye bibi.

Akija mtu na karatasi, hata kama ni mtu unayemheshimu, usitie saini wala dole gumba siku hiyo. Isome mwenyewe, sasa unajua kusoma. Tafuta neno “kuasili”. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, ipeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Muulize hivi: “Nikitia saini hapa, mtoto huyu bado ni wetu?”