Kinga ya mgongo na kifua: Mwendeshaji pikipiki asinunue kwa macho

KATIKA asubuhi za baridi za Juni na Julai, wahudumu wa bodaboda wanaosubiri abiria karibu na Yaya Centre, mtaani Kilimani, Nairobi, huonekana wamejifunga kifuani kipande kinene cha ngozi au sponji chenye mikanda. Wengine huvaa jaketi zito kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni, ili upepo usipenye. Kipande hicho huuzwa kwa jina la kinga ya kifua. Jina hilo linafaa iwapo adui ni baridi. Iwapo adui ni bampa ya gari au ukingo wa barabara, linapotosha.

Tofauti kati ya kinga ya upepo na kinga ya pigo si jambo dogo. Hospitali ya Kitaifa ya Rufaa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo iko papo hapo Hurlingham, mwendo mfupi kutoka vituo vya bodaboda vya Barabara ya Argwings Kodhek. Anayelazwa humo baada ya ajali huenda asipande tena pikipiki iliyokuwa ikimlisha yeye na jamaa yake.

Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi lenye kuakisi mwanga. Haiwalazimishi kuvaa kinga ya mgongo wala ya kifua. Kwa hivyo uamuzi wa kununua, na mzigo wa kutambua kifaa halisi, vimeachiwa mwendeshaji mwenyewe.

Ilikotoka

Kinga ya mgongo ilianzia katika mashindano. Mwaka 1975, Mwingereza Barry Sheene alianguka akiwa katika kasi kubwa kwenye uwanja wa Daytona, Marekani, na kuvunjika mifupa kadhaa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini, kampuni ya Dainese ya Italia ilishirikiana naye kuunda kinga ya vibamba vilivyopandana kama ganda la kambamti. Tangu wakati huo kifaa hicho kimetoka viwanjani na kuingia barabarani, na Ulaya imekiwekea viwango vinavyochapishwa kwenye kifaa chenyewe.

Viwango hivyo ndivyo mnunuzi anavyopaswa kuvitafuta. Kwa mgongo, alama ni EN 1621-2. Katika jaribio lake, chuma cha kilo tano huangushwa juu ya kinga kwa nguvu inayolingana na kukiachilia kutoka kimo cha takriban mita moja, kisha hupimwa ni nguvu kiasi gani imepenya upande wa pili. Kinga ya daraja la 1 hairuhusiwi kupitisha wastani wa zaidi ya kilonyutoni 18. Daraja la 2 hairuhusiwi kuzidi 9. Yaani daraja la 2 hupunguza pigo maradufu, japo mara nyingi huwa nene na ghali zaidi.

Kifua kina kiwango chake, EN 1621-3, ambacho ni cha baadaye kuliko cha mgongo. Hapa ndipo wengi hukosea. Yapo mabamba ya plastiki, mapana na yenye sura ya kuogofya, yaliyoundwa kwa mashindano ya kwenye vumbi. Mengi ya hayo yana alama EN 14021, ambayo ni ya kuzuia mawe yanayorushwa na gurudumu la pikipiki iliyo mbele. Bamba la aina hiyo halikupimwa kwa ajili ya kifua kinachogonga gari.

Ugumu si ushahidi

Baadhi ya wanunuzi hugonga kinga kwa kidole, na wakisikia mlio wa plastiki ngumu huridhika. Jaribio hilo halina maana. Zipo kinga laini zinazokunjika mkononi, ambazo hukakamaa papo hapo zinapopigwa, na zinafikia daraja la 2. Yapo pia mabamba magumu yasiyo na chochote cha kumeza pigo chini yake, ambayo huupitisha mshindo moja kwa moja hadi kwenye mbavu.

Jaketi la pikipiki nalo lichunguzwe. Mengi huwa na mfuko mgongoni ambamo mtengenezaji ametia kipande cha sponji cha kujaza nafasi tu. Mnunuzi afungue mfuko huo na kukitoa kipande. Kama hakina alama ya EN 1621-2, ahesabu kwamba jaketi halina kinga ya mgongo, hata kama mabega na viwiko vina kinga halisi.

Alama ikipatikana, kuna mambo mawili zaidi ya kusoma. Herufi FB humaanisha kinga ya mgongo mzima, CB sehemu ya kati pekee, na LB kiuno. Pia huandikwa sentimita za urefu kutoka kiunoni hadi mabegani. Kipimo hicho ndicho cha kufuatwa, wala si urefu wa mtu kutoka utosini hadi wayoni, kwa kuwa watu wawili wenye kimo kimoja huweza kuwa na viwiliwili tofauti.

Ijaribiwe juu ya pikipiki

Kinga ivaliwe dukani na mnunuzi akae kama anayeendesha. Akiinua kichwa, helmeti isigonge ncha ya juu ya kinga. Mkanda wa kiunoni uishike barabara, kwa maana kinga inayohama mtu anapoanguka huacha wazi mahali palepale ilipohitajika. Ile inayobana mwili chini ya jaketi hutulia kuliko inayoning'inia ndani ya jaketi pana. Kwa anayebeba abiria, kinga nyembamba yenye matundu ni afadhali, kwani haimsukumi aliye nyuma, na jua la mchana halitamshawishi mwenyewe kuivua.

Wanaopeleka vyakula na vifurushi wakumbuke kwamba mkoba wa mgongoni si kinga. Kufuli, spana au mnyororo uliomo ndani hugeuka nyundo mwendeshaji anapoangukia mgongo. Vitu vizito vifungwe kwenye pikipiki.

Vifaa vya mitumba huwavutia wengi kwa bei, na si vyote vibaya. Mnunuzi atafute tarehe ya kutengenezwa, akague nyufa, na akunje sponji aone kama inamung'unyika. Kinga iliyokwisha kupokea pigo kubwa yafaa ibadilishwe, hata kama kwa macho haina kasoro, na mnunuzi wa mtumba hana njia ya kuijua historia hiyo.

Mipaka yake

Mnunuzi asiuziwe matumaini. Kinga ya mgongo hupunguza pigo la moja kwa moja, kama vile kuangukia jiwe au ukingo wa lami. Haizuii uti wa mgongo kupindwa au kukunjwa kupita kiasi, na majeraha mengi mabaya hutokea kwa njia hiyo. Vivyo hivyo, kinga ya kifua haitamwokoa anayejipenyeza kwa kasi kati ya matatu mbili katika Barabara ya Ngong.

Kwa sababu hiyo, mwenye fedha kidogo azitumie kwa mpango. Helmeti nzuri ya kumtosha hutangulia, kwa kuwa kichwa ndicho kinachoua wengi. Zifuate glavu na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu. Kisha inunuliwe kinga ya mgongo mzima, hata iwe ya daraja la 1, na baadaye ya kifua yenye alama EN 1621-3.

Kipande cha ngozi cha kuzuia baridi nacho hakina haja ya kutupwa. Kiendelee kufanya kazi yake asubuhi, lakini mvaaji ajue kwamba siku ya ajali hakitamsaidia. Tahadhari kabla ya athari, wahenga walisema, nayo huanza kwa kusoma maandishi madogo yaliyo upande wa ndani wa kinga kabla ya kulipa.