Ukishafungua Mlango, Upelekwe Ulikokuwa Ukienda

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilisimamishwa Ugogo na kutakiwa kulipa hongo ya vitambaa na shanga. Ilikuwa kero, na mazungumzo yaliweza kuchukua siku kadhaa. Hata hivyo, hongo ikishalipwa, msafara uliendelea mbele. Haukurudishwa pwani ukaanze upya. Kutoka Tabora wengine walishika njia ya Ujiji, wengine ya Karagwe hadi Buganda, kila mmoja kwa shughuli yake.

Ndugu msomaji, mifumo mingi ya kompyuta haina hata adabu hiyo. Kijana anapokea ujumbe wenye kiungo cha fomu ya maombi. Anakibofya, anaambiwa aandike neno la siri, anaandika, kisha anatupwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Fomu haionekani. Kifurushi kinaisha akiitafuta, na pengine siku ya mwisho ya maombi ndiyo hiyo.

Dawa yake si ngumu. Kabla ya kumpeleka mtu mlangoni, mfumo uhifadhi anuani ya ukurasa aliouomba, ama katika kumbukumbu zake, ama kwa kuibandika mwishoni mwa anuani ya mlango wenyewe. Neno la siri likikubaliwa, mfumo unaisoma anuani ile na kumpeleka huko, baada ya kuhakikisha kwamba anaruhusiwa kuuona ukurasa huo.

Hapo kwenye kubandika ndipo tunapowaomba mafundi wawe macho. Tapeli anaweza kutuma kiungo kinachoanza na jina halali la taasisi, lakini mwishoni amebandika anuani yake mwenyewe. Mtumiaji anaingia kwa mlango wa kweli, halafu anapelekwa kwenye ukurasa wa bandia unaofanana kabisa, unaomwambia: "Neno la siri si sahihi, andika tena." Anaandika, na limeibwa. Kwa hiyo mfumo ukubali anuani za ndani ya tovuti yake tu. Nyingine yoyote ikataliwe, na mtu apelekwe ukurasa wa mwanzo.

Mtumiaji naye, akiombwa neno la siri mara ya pili, asome kwanza anuani iliyo juu ya kioo. Na akitupwa ukurasa wa mwanzo, arudi kwenye ujumbe wake akabofye kiungo kilekile: kwa kuwa ameshaingia, mara nyingi fomu itafunguka moja kwa moja.