Bango Kitita Halina Tope

Mwaka 1963 magari 84 yalianza mbio za East African Safari. Yaliyofika mwisho ni saba. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakafika saba tena, na mara zote mbili mshindi akawa yuleyule, Nick Nowicki, akiwa na msoma ramani wake Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404.

Sisi ambao riziki yetu inatokana na kusoma ripoti za miradi, tukiletewa jedwali la namna hiyo tunajua pa kuanzia. Lengo: 93. Utekelezaji: 7. Sababu: mvua. Kinachofuata ni mfadhili kuomba barua ya ufafanuzi. Waandaaji wa Safari hawakuwa na la kufafanua. Waliweka mbio zao Pasaka wakijua fika kwamba Pasaka huku kwetu huangukia masika au mlangoni mwa masika, kwa hiyo mvua ilikuwa ndani ya mpango tangu ukurasa wa kwanza. Kwenye maandiko yetu mvua hukaa kule nyuma kabisa, kwenye safu ya mwisho ya bango kitita, lile jedwali la mpango wa mradi, pamoja na utulivu wa kisiasa na bei ya dizeli, chini ya kichwa kinachosema mambo tunayoyachukulia kuwa yatakwenda vizuri.

Mbio zenyewe zilianza mwaka 1953, kwa kisingizio cha kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na zilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Dereva wa Afrika Mashariki wa miaka ile alikuwa na mashindano mengine madogomadogo, lakini mwaka wake mzima aliupima kwa siku zile chache za Pasaka. Na Pasaka yenyewe hufuata mwezi, wakati mvua hufuata mambo yake. Ukiandaa gari la tope, unaweza kukuta vumbi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiandaa la vumbi, ndiyo siku ambayo mito inavuka barabara.

Anayekaa Moshi hahitaji kuelezwa sana. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 800 hivi, na lango la Marangu la kupandia mlima liko juu ya mita 1,800. Kati yake kuna mwendo wa saa moja tu, lakini ukianzia tambarare ya chini ya mji gari hupita nchi tatu. Kule Kahe na kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, mwezi wa nane, vumbi ni laini kama unga wa sembe, linaingia hadi kwenye chujio la hewa. Ukipanda kupitia Himo udongo unabadilika rangi, unakuwa mwekundu wa volkano, na ukinyeshewa huteleza vibaya, hasa kwenye kona zilizochongwa kati ya migomba na kingo za mifongo, ile mifereji ya asili. Juu zaidi kuna ukungu. Kilomita moja ya Marangu mwezi Februari si kilomita hiyohiyo mwezi Aprili. Dereva aliyeipitia siku za ukaguzi akaandika kwenye daftari lake kwamba kona ile inachukua gia ya tatu, ameandika ukweli wa siku ile tu.

Ndiyo maana namkumbuka Bert Shankland kila ninaposikia neno upembuzi yakinifu. Alikuwa Mskoti aliyehamia Tanganyika na kufanya kazi Dar es Salaam, na ndiye dereva wa kwetu aliyeshinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, pamoja na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Wengi hutaja ushujaa wake. Mimi naona gari lake. Peugeot 404 ndilo lililokuwa likibeba abiria na mizigo katika barabara zilezile kila siku ya mwaka. Fundi wa Korogwe au Moshi alishalifungua mara nyingi, spea zake zilipatikana, na udhaifu wake ulijulikana kwa majina. Kabla Shankland hajawasha moto siku ya mbio, barabara ilikuwa imeshalifanyia gari lile majaribio kwa miaka mingi, bila malipo, mikononi mwa watu wasiojua kwamba wanafanya utafiti.

Tazama upande wa pili. Lancia ya Italia ilikuja na Stratos miaka ya 1970, gari lililotengenezwa kwa ajili ya kushinda na si kwa kupeleka watoto shule. Ilikuwa na fedha, ilikuwa na mafundi, ilikuwa na dereva kama Sandro Munari. Ilifika karibu sana mwaka 1975, ikapata nafasi ya pili na ya tatu. Safari ya kwanza kuishinda ilikuwa ya 1988, kwa Miki Biasion na gari jingine kabisa. Wakati huohuo Joginder Singh, Mkenya aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva, alishinda mwaka 1965 akiwa na mdogo wake Jaswant katika Volvo ambalo kiwanda kilikuwa kimeshalitumia na kuliachia. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Katika Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo ningeiweka ukutani katika ofisi yoyote ya mipango, maana kushinda mara tatu kunaweza kuwa na bahati ndani yake, lakini kumaliza mara 19 hakuna.

Kisha kuna mwaka 1973, ambao naupenda kuliko yote. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden, wote wakiwa na Datsun, walimaliza wakiwa sawasawa: kila mmoja na dakika 406 za adhabu. Hebu zihesabu. Ni saa sita na dakika 46 za kuchelewa. Ushindi ukapewa Mehta kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Yaani bingwa alichelewa karibu saa saba kuliko ratiba, na hakuna aliyedai ratiba irekebishwe wala aliyesema mradi umeyumba. Kila mtu alielewa kwamba ratiba ile ilikuwa kipimo cha ugumu wa njia. Kazi ilikuwa kuchelewa kidogo kuliko wenzako, na kuanza kuchelewa baada yao. Mehta aliendelea kuchelewa kidogo kuliko wenzake hadi akashinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Sasa shuka nami hapa chini ya mji wa Moshi, upande wa Mabogini na Chekereni, tutazame mradi ambao ratiba yake haikuchukuliwa hivyo. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa mkopo na utaalamu wa Japani. Ulipangwa vizuri kuliko miradi mingi niliyowahi kusoma: mifereji ya zege, malango ya maji kwenye mto Rau na Njoro, mashamba yaliyosawazishwa, hekta zipatazo 2,300, na kati yake kama 1,100 za mpunga. Mbegu ya IR54 ikaitika. Mavuno yakapanda kiasi cha kuwashangaza waliopanga wenyewe. Na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Wakulima waliokuwa juu ya mto, nje ya mipaka ya mradi, waliona mpunga wa jirani na kufanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Walichimba mifereji yao, wakalima mpunga wao, kwa maji yaleyale kabla hayajafika kwenye malango ya zege. Eneo la mpunga ndani ya mradi likapungua kwa kukosa maji, mwaka hadi mwaka, na ugomvi wa zamu ukawa sehemu ya kilimo.

Mradi haukuharibiwa na uzembe wala wizi. Uliharibiwa na kufaulu kwake, jambo ambalo hakuna safu yake kwenye bango kitita. Kwa miaka mingi watu wa Uchagani wamegawana maji ya mifongo kwa makubaliano ya koo, mabishano na pombe ya mbege, na kila mtu mlimani anajua kwamba aliye juu ana kauli kuliko aliye chini. Wahandisi walipima mto kwa usahihi. Walichoacha kupima ni jirani.

Dereva hana anasa ya kuacha kitu bila kukipima. Msimu mmoja unamfundisha, na unamfundisha hadharani. Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002 na kuahirishwa 2020 kwa sababu ya korona, Thierry Neuville wa Ubelgiji alianza Jumapili asubuhi akiongoza kwa karibu dakika nzima. Hatua ya kwanza ya siku hiyo mguu wa nyuma wa gari lake ukavunjika, akaegesha, Sébastien Ogier akashinda. Katika mbio hizohizo, kijana wa Kifini Kalle Rovanperä alikwama kwenye vumbi laini la Kedong Ijumaa, vumbi lile ambalo mtu wa Kahe angelitambua hata akiwa amefumba macho. Mwaka uliofuata Rovanperä alirudi akashinda Naivasha, na kabla mwaka haujaisha akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 22. Mwaka 2023 akawa wa pili, kwa sekunde 6.7. Mwaka 2024 akashinda tena, na mwaka huo waandaaji walikuwa wamezitoa mbio Juni na kuzirudisha Pasaka.

Ningependa kuona ripoti ya mradi inayosomeka hivyo: mwaka wa kwanza tulikwama kwenye vumbi, hapa, saa hii, kwa sababu hii. Nyingi ninazozisoma husema robo ya kwanza ilikuwa na changamoto.

Lakini tusiwape madereva sifa wasizostahili. Wao wana kitu ambacho ofisa mipango wa halmashauri hana, nacho ni mstari wa mwisho. Siku nne zikiisha gari linapakiwa kwenye lori, kona aliyoiharibu anaachiwa mwenye shamba. Mradi wa maji hauna siku ya kupakiwa. Fundi wa Mabogini anayefungua lango la mfereji saa kumi alfajiri yuko kwenye mashindano yasiyo na kombe, na washindani wake ni wajomba zake.

Siku hizi barabara ya Marangu hadi Tarakea kupitia Mkuu ni lami. Mama anayepeleka ndizi sokoni Mwika anafika bila kusukuma gari, na hiyo ni kazi nzuri kuliko mbio zote nilizozitaja hapa. Kwa anayeota kuleta magari ya mbio mlimani, maana yake ni kwamba udongo mwekundu umebaki kwenye njia za ndani, zile nyembamba zinazopita kati ya kihamba na kihamba, yaani mashamba ya nyumbani, ambako bodaboda hulazimika kupunguza mwendo ili kuku wapite. Njia pana za vumbi ziko tambarare, kwenye maeneo ya miwa na malisho. Kabla ya kuzifunga hata kwa nusu siku kuna mwekezaji wa kuombwa, serikali ya kijiji, wachungaji wenye ng'ombe wanaoelekea majini, na shule ambayo watoto wake huvuka mahali hapohapo saa nane mchana. Msoma ramani mzuri angeanza kwa kuandika hao kwenye daftari lake, kabla ya kona.