Hesabu ya Mayai ya Mbuni

Malori mengi yanayoshusha mizigo kwenye maghala ya Zone Industrielle, hapa Bujumbura, hutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Kahama. Kaskazini ya barabara hiyo ndiko kwenye mbuga zenye mbuni: Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, na ukivuka mpaka wa Kenya, Tsavo. Burundi hatuna mbuni wa porini. Ndege huyu hutegemea macho na miguu, akikimbia hadi kilomita 70 kwa saa, na anataka nchi kavu iliyo wazi. Milima yetu iliyolimwa hadi kileleni haimfai, wala matete ya mto Rusizi. Basi sifa zake zimetufikia kwa uvumi, na uvumi umemsingizia upumbavu: ati akiona hatari hufukia kichwa mchangani, ati hutaga mayai kisha akayasahau.

La kichwa halina urefu. Mbuni anayeatamia akishtuka hulaza shingo chini, na aliye mbali huona kama kichuguu tu. Pia huinamisha kichwa kiotani ili ayageuze mayai kwa mdomo. Hakuna kinachofukiwa.

La mayai ndilo linalostahili muda wetu, kwa sababu hapo kweli kuna jambo linalofanana na uzembe. Kiota ni shimo la kina kifupi ambalo dume hulikwangua ardhini. Jike mmoja, tumwite jike mkuu, hutaga humo yai moja kila baada ya siku mbili hivi. Lakini majike wengine nao huja, hutaga humo humo, huenda zao, na hawarudi kuatamia. Kazi hiyo, ya takriban wiki 6, hubaki kwa wawili: jike mkuu mchana, kwa kuwa manyoya yake ya kijivu na kahawia hufanana na udongo, na dume mweusi usiku. Mwili wa mbuni hufunika mayai kama 20 tu, na kiota kinaweza kuwa na 30 au zaidi. Yanayozidi husukumwa nje, yakabaki yametapakaa kuzunguka kiota hadi yaoze au yaliwe. Mpita njia akiyaona atasema mama huyu hajali.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Brian Bertram, mtafiti Mwingereza ambaye awali aliwachunguza simba wa Serengeti, alivifuatilia viota vya Tsavo Magharibi. Mwaka 1979 alieleza katika jarida la Nature kwamba jike mkuu huyatambua mayai yake mwenyewe. Anapopunguza, ya wageni ndiyo hutolewa. Yake hubaki katikati. Kwa jicho letu yote ni meupe tu, ila ukiyachunguza yanatofautiana ukubwa, umbo, na namna vitundu vidogo vya ganda vilivyotawanyika. Nakiri hili hunistaajabisha kuliko mbio zake zote.

Kwa nini basi asiwafukuze wageni tangu mwanzo? Jibu liko kwa maadui. Yai moja lina uzito wa karibu kilo 1.5, sawa na mayai kama 24 ya kuku, na wenye kulitamani ni wengi: fisi, mbweha, simba. Tai wa Misri, asiyeweza kulivunja ganda kwa mdomo, huokota jiwe na kulirusha juu ya yai tena na tena hadi lipasuke. Jane Goodall na Hugo van Lawick walilieleza jambo hilo mwaka 1966 baada ya kulishuhudia Tanzania. Mwizi anayetosheka na mayai machache huanza na ya pembezoni. Kwa hiyo mayai ya wageni humgharimu mwenyeji kidogo sana, nayo huyakinga ya kwake.

Weupe wenyewe nao una bei. Bertram na mwenzake Burger walipaka baadhi ya mayai rangi ya kahawia: maadui waliyaona kwa shida zaidi, lakini jua liliyapasha moto kupita kiasi. Yai jeupe huonekana kwa urahisi, ila halipikiki kabla mama hajaanza kuatamia.

Na hao wageni, wanapata nini? Viota vingi huharibiwa kabla mayai hayajaanguliwa, kwa hiyo kutaga kwa jirani ni kutokuweka mali yote mahali pamoja. Charles Kimwele na Jeff Graves walipima vinasaba vya mbuni wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Waligundua kwamba jike mkuu kwenye kiota chake ndiye huyo huyo mgeni kwenye viota vya wenzake. Zaidi ya nusu ya mayai yenye mbegu yaliyokuwa yakiatamiwa hayakuwa na dume na jike wa kiota hicho kama wazazi wote wawili.

Mchezo hauishii kwenye ganda. Makinda yakishaanguliwa, familia mbili zikikutana hugombana, na washindi huondoka na watoto wa pande zote. Kundi hukua, wazazi wakilea hata wasiowazaa, na mbweha akifanikiwa kunyakua kinda mmoja, uwezekano kwamba ni wa mlezi mwenyewe unazidi kupungua.