Nyumba Iliyoachwa na Mtu Aliyeachwa

Ndugu zangu Waislamu, wazee na vijana, haki ya jirani katika dini yetu ni kubwa, hata Jibril (A.S.) alizidi kumuusia Mtume (S.A.W.) juu yake mpaka Mtume akadhani kuwa jirani atarithishwa. Je, haki hiyo hukoma pale mtaa unapochakaa? Nataka nikupeni khabari za Waislamu wenzetu wa Chicago, Marekani, ili tuzingatie.

Upande wa kusini-magharibi wa mji huo, mbali na majumba marefu ya katikati, uko mtaa uitwao Chicago Lawn, penye bustani ya Marquette Park. Mwaka 1966 Martin Luther King aliandamana hapo kudai watu weusi nao waruhusiwe kukaa popote wapendapo, akapigwa jiwe la kichwa. Miaka ilipopita Wazungu wengi wakahama, wakaingia watu weusi, Waarabu na watu wa asili ya Mexico.

Kisha ikaja balaa ya riba. Watu walinunua nyumba kwa mikopo ya benki, na yalipotokea matata ya fedha ya mwaka 2008, wengi wakashindwa kulipa na nyumba zao zikatwaliwa. Zikabaki tupu, madirisha yamepigiliwa mbao. Na nyumba tupu haiozi peke yake: wezi hung'oa mabomba, wahuni huifanya maskani, thamani ya nyumba ya jirani ikashuka, naye akatamani kuhama.

Chama cha Waislamu kiitwacho IMAN, kilichoasisiwa mwaka 1997 na Rami Nashashibi pamoja na wenziwe, hakikuhama. Kilianza kuzitengeneza nyumba zilizoachwa. Na waliozitengeneza ni nani? Miongoni mwao ni watu waliotoka gerezani, ambao ni shida kwao kupata mwajiri wala mwenye nyumba wa kuwapangisha. Wakapewa pahala pa kukaa, wakafundishwa kazi ya ujenzi, wakaifanyia mtaani mwao wenyewe. Basi mkono uliokuwa ukiogopwa na majirani ndio uliowarudishia paa na mlango. Mwaka 2016, miaka 50 baada ya jiwe lile, chama hicho na majirani wa dini nyingine wakasimamisha ukumbusho wa King pale pale Marquette Park.

Ndugu zangu, Mtume wetu alipojenga msikiti wa Madina alibeba matofali pamoja na masahaba zake. Hakukaa kivulini akaamrisha. Nasi, mtaani petu hapakosi nyumba inayoanguka, ya mjane au ya wakfu, tunayoipita kila siku tukielekea msikitini, wala hapakosi kijana aliyetoka kifungoni tusiyemwitikia vizuri salamu yake. Tunanung'unika kuwa serikali haikuja. Lakini juma moja la kazi ya jamaa kumi, na kijana yule akiwa mmoja wao, si jambo lililo nje ya uwezo wetu. Tutakapoulizwa kesho juu ya jirani, tutajibu nini?

Mwenyezi Mungu atuafikie. Amin.