Mwaka wa Nyimbo Garissa: Maanso, Hees na Misimu ya Wafugaji

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anaposikia utungo wa Kisomali kwa mara ya kwanza, masikio yake hutafuta vina mwishoni mwa mshororo. Asipovipata, huharakisha kuhukumu kwamba utungo huo hauna arudhi. Hukumu hiyo si ya haki. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nyimbo za wafugaji wa Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya zinavyogawika, na jinsi baadhi yake zinavyofungamana na misimu ya mwaka.

Wasomali hutenganisha maanso na hees. Maanso ni utungo mzito wenye mwenyewe: gabay, geeraar na jiifto za wanaume, pamoja na buraambur ya wanawake. Anayeughani hutarajiwa kumtaja mtunzi na kutobadilisha maneno yake, ijapokuwa kwa miaka mingi utungo ulihifadhiwa kichwani tu. Maandishi rasmi ya Kisomali kwa herufi za Kirumi yaliidhinishwa mwaka 1972. Hapa ile fasili tuliyoizoea madarasani, kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii isiyo na mtunzi mahususi, inayumba.

Arudhi yake nayo hukaa mwanzoni mwa neno. Mtunzi wa gabay akichagua sauti d, kila nusu ya mshororo sharti iwe na neno linaloanza na d, hata mishororo ikifika mia. Kanuni hii huitwa xarafraac, yaani kufuata herufi (x ya Kisomali hutamkwa kama h ya kooni). Mtunzi wa tarbia aweza kubadili vina katika ubeti unaofuata. Wa gabay hana ruhusa hiyo.

Hees za kazi, kinyume chake, hazina mwenyewe, na ndizo zinazofuata mwaka. Msimu wa Jilaal, takriban Januari hadi Machi, ndio kiangazi kikali. Mifugo ya Garissa huelekezwa mto Tana, na kwingineko husongamana visimani, kama kule El Wak katika Mandera, jina linalomaanisha visima vya Waaq, yaani Mungu katika imani ya kale ya Wakushi. Katika kisima kirefu wanaume hujipanga mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo kutoka majini hadi kwenye hori. Wimbo ndio unaoipatanisha mikono yao. Kwa sababu hiyo mishororo huwa mifupi, kiasi cha ndoo kupokewa na kupitishwa, na maneno mengi huwaelekea ngamia wenyewe, wakisifiwa na kubembelezwa wanywe.

Mvua za Gu' zikinyesha, kuanzia mwezi Aprili hivi, maziwa huongezeka na ngoma huchezwa. Ndipo dhaanto hushamiri, vijana wakijibizana kwa hatua zinazoiga mwendo wa ngamia. Wanawake nao huimba wakisukasuka maziwa au wakisuka mikeka ya hema, na ndani ya nyimbo hizo mke aweza kumlalamikia mume kwa mafumbo ambayo asingethubutu kuyatamka waziwazi. Msomaji anayeijua taarabu hatashangaa. Xagaa ni msimu wa upepo, na Dayr huleta mvua fupi za mwisho wa mwaka.

Wimbo wa mjini una asili nyingine. Katika miaka ya 1940 dereva wa lori, Abdi Sinimo wa Borama, alianzisha balwo, nyimbo fupi za mapenzi. Kutokana nazo ikazaliwa heello. Abdullahi Qarshe, aliyezaliwa Moshi mwaka 1924, aliitia udi, na Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza London mwaka 1957, iliwafikia wasikilizaji wa Kisomali popote palipokuwa na redio. Heello ilibaki na xarafraac ya maanso huku ikitumia lugha nyepesi. Siku hizi kundi la wanawake la Gargar kutoka Garissa, lililorekodi na Ketebul Music ya Nairobi, limeifikisha sauti ya Garissa kwa hadhira isiyojua Kisomali.

Hees ya kisimani haijapata bahati hiyo. Pampu ya dizeli au ya jua huvuta maji pasipo waimbaji, na kijana aliyehamia mjini hana ngamia wa kumnywesha. Mkusanyaji atakayeiwahi itambidi aende wakati wa Jilaal, watu wakiwa kazini, aandike pamoja na maneno idadi ya wanaume waliomo kisimani na mahali ndoo inapobadilisha mikono. Akiyapata maneno hayo sebuleni kutoka kwa mzee mmoja, atakuwa amekosa mizani yake.